Ndege ya Fundi wa Meno

Siku ya soko pale Mpondwe, ukisimama ovyo utakanyagwa. Wakongomani wanavuka daraja na mawese na vitenge, wenyeji wa Bwera wanawapokea na maharage, vitunguu na samaki wakavu wa Kasenyi, na katikati yao boda boda wanapiga honi kana kwamba honi ndiyo injini. Ijumaa moja ya mwaka 2015, katika purukushani hiyo, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ya vitu vya kuchezea watoto. Alipekua chini ya madoli yasiyo na nywele kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele.

Mwenye meza alikuwa akimtazama. Jina lake Tabisa, binti wa mzee Eridadi wa hapo Bwera. Siku hiyo alivaa kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa na kilemba cha kitambaa hichohicho, na macho yake yalikuwa ya kucheka hata mdomo ukinuna.

“Papa, mutoto wako iko na myaka ngapi? Nikuchagulie.”

“Sina mtoto.”

“Basi wa dada yako?”

“Hapana. Mimi natafuta ya kwangu.”

Tabisa akashika kiuno. “Mutu muzima, na ndevu, anatafuta vya batoto.”

Mwanamume akainuka na fremu ya plastiki ya kijivu mkononi, imening'iniza gurudumu moja na kipande cha bawa. “Hii iko bei gani?”

“Hiyo? Hiyo ni buchafu. Batoto ya Bulaya balishaunga ndege yabo, bakatupa ile ilibaki.”

“Ndiyo hiyo nataka. Ile ilibaki.”

Tabisa hakuwa ametania bure. Huko Ulaya kuna maboksi yanayouzwa na vipande vya ndege ndani yake, vimeshikana kwenye fremu za plastiki, na mnunuzi huvikata na kuvibandika kwa gundi. Kila boksi huacha vya ziada: gurudumu la akiba, injini ya pili, kiti cha rubani. Mabaki hayo hufika Bwera ndani ya marobota ya mitumba, na tangu Tabisa aanze biashara hakuna aliyewahi kuyaulizia.

“Unafanya kazi gani, weye?” aliuliza.

“Naitwa Okot. Natengeneza meno, Kasese.”

“Meno ya nani?”

“Ya wale hawana.”

Hapo Tabisa akacheka mpaka jirani yake wa viatu akageuka. Okot naye akacheka, kisha akamweleza polepole, kwa sauti ya chini, kwamba jioni baada ya kazi anaunda ndege ambayo haipo duniani. Ni ndege ya miaka ijayo. Haihitaji uwanja. Inainuka wima kutoka mtelemkoni, inatua kwenye tuta la kahawa, inamchukua mgonjwa kule juu mlimani na kumfikisha hospitali ya Kisinga kabla chai haijapoa.

“Inaruka kweli?”

“Hapana. Iko kama mkono wangu huu kwa urefu. Lakini ukiiangalia, unaamini.”

Tabisa akaifunga ile fremu kwenye karatasi, akaongeza na nyingine. “Chukua bure. Ikiruka, mimi ndiyo abiria wa kwanza.”

Ijumaa iliyofuata Okot alirudi. Na iliyofuata. Daktari aliyemwajiri alimruhusu kutoka mchana, akidhani kijana amepata kanisa jipya. Tabisa akaanza kumwekea vitu kwenye kopo chini ya meza: nusu ya meli, minyororo ya vifaru, bomba ambalo hata Okot hakujua lilitoka kwenye nini. Wateja wakija, anawaambia kopo hilo lina mwenyewe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na jirani wa viatu alikuwa wa kwanza kuyasikia.

Siku za katikati ya juma zilikuwa za simu.

“Dokta wa mapengo, umekula?”

“Nimekula. Cheri wangu, leo nimepata pa kuweka ile bomba.”

“Wapi?”

“Nyuma ya mkia. Inapumua moshi.”

“Mimi nakuuliza chakula, weye unaniambia moshi.”

“Nimekula matoke. Na nimekukumbuka.”

“Sasa ndiyo umejibu.”

Okot alikuwa mtu wa pekee mjini Kasese. Baba yake, Mwacholi wa Kitgum, alikuwa askari aliyehamishiwa huko, akafia huko, na kumwacha mwana aliyejua amri za jeshi kuliko methali za kwao. Kiswahili cha kambini ndicho kilichomlea. Kikonzo alikisikia kidogo, Kiacholi alikisahau nusu. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kliniki, kimejaa harufu ya plasta na gundi, na juu ya benchi, kando ya safu za meno yanayosubiri wenyewe, ndiko ndege ilikolala.

Tabisa aliiona mara ya kwanza mwezi wa tatu wa kujuana kwao, siku aliyokuja Kasese na gauni la bluu na viatu vya visigino virefu vilivyolaani vumbi la mji. Alizunguka benchi bila kugusa. Tumbo la ndege lilikuwa meli iliyokatwa. Mabawa yalitoka kwenye ndege mbili tofauti, yakasuguliwa mpaka yakawa mapacha. Magurudumu ya kifaru yamegeuzwa matundu ya hewa, na antena zilikuwa vijiti vya fremu vilivyopashwa moto juu ya mshumaa na kuvutwa hadi vikawa vyembamba kuliko unywele. Kila penye ufa, Okot alijaza unga wa waridi anaotengenezea fizi.

“Ndege yako iko na fizi,” Tabisa alisema.

“Nikipaka rangi, hakuna mtu atajua kipande gani kilitoka wapi. Itakuwa kitu kimoja.”

Tabisa akamtazama yeye badala ya ndege. Alimpenda mtu huyu kabisa, na ilimtisha kidogo jinsi alivyompenda.

Nyumbani kwake kulikuwa na boksi moja ambalo hajawahi kuliuza. Lilitoka kwenye robota la kwanza alilonunua kwa mtaji wake mwenyewe: ndege ya abiria, nzima, nailoni haijachanwa, hakuna kipande kilichopungua. Aliliweka juu ya kabati kama ishara ya bahati yake. Watu waliliomba, akakataa. Ijumaa iliyofuata alilifunga kwa kitambaa akampa Okot, na akasema neno moja tu: “Jenga.”

Okot alilipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza lilitoka wapi, na Tabisa hakusema. Kila mmoja aliona mambo yako wazi, na hapo ndipo yalipoharibikia.

Maana wakati huo alikuwepo pia Sosthène, mfanyabiashara wa Beni, mwanamume nadhifu wa kofia na lugha tamu, ambaye alishamwambia mzee Eridadi kwamba anamtaka binti. Mzee alimwita Tabisa.

“Huyu muKongomani iko na heshima. Mimi nimezeeka. Kama uko na mutu wako, watu wake bakuje nibaone. Kama hakuna, watu wa Sosthène batakuja mwisho wa mwezi ujao.”

Jioni hiyo Tabisa alipiga simu.

“Okot, watu wako watakuja lini kwetu?”

“Watu wangu beko mbali, Tabisa. Wengine hata hawanijui sura. Wacha nimalize ndege kwanza, tutaongea.”

“Ndege?”

“Imebaki kidogo tu.”

“Ilikuwa imebaki kidogo tangu Pasaka.”

“Cheri, usikasirike.”

“Sikasiriki,” alisema, na sauti yake ikapoa. “Ngoja ngoja inaumiza tumbo, ni hiyo tu.”

Siku chache baadaye, Jumatano isiyo ya soko, alipanda gari mpaka Kasese bila kumwambia. Alitaka kuongea naye uso kwa uso, na alitaka sana kuiona ile ndege ya abiria imesimama mezani, nzima, nyeupe, na madirisha yake yote. Okot alikuwa ametoka kupeleka meno chumba cha mbele. Tabisa akasukuma mlango.

Boksi lake lilikuwa wazi, kifuniko kimetapakaa gundi. Fremu zilikatwakatwa. Mabawa yalikuwa kwenye kopo la mabawa, magurudumu kwenye kopo la magurudumu, mkia kwenye mabaki pamoja na mikia mingine. Kioo cha rubani, kile kizuri kisicho na mkwaruzo, kilikuwa kimebandikwa kwenye pua ya ile ndege yenye fizi.

Okot akaingia, uso ukachanua. “Tabisa! Umeiona? Angalia kioo. Sijawahi kupata kioo kama hiki.”

“Umeikata.”

“Eh, nimeikata. Ilikuwa na vitu vizuri.”

“Mimi nilikupa kitu kizima, Okot. Kitu kimoja kizima nilikuwa nacho. Na weye umeifanya mabaki.”

Okot akatazama makopo yake, akamtazama yeye. Kwa kweli hakuelewa. Kwake yeye boksi lile lilikuwa bora kuliko vyote, na alichukua kilicho bora akakiweka mahali pa heshima. Angeelewa vipi, mtu aliyekulia kwenye vitu vilivyosalia?

“Hivyo ndivyo unafanya na mimi pia,” Tabisa alisema taratibu. “Ijumaa unachukua kipande, unarudi kwako. Ijumaa ingine, kipande. Siku ya kunichukua muzima haifiki.”

Akaondoka. Okot alimfuata mpaka barabarani, akamwona akipanda gari la Bwera bila kugeuka.

Simu zikaita bila kupokelewa. Ijumaa Okot alifika sokoni, akakuta kopo lake limewekwa juu ya meza, tupu, na jirani wa viatu akamwambia Tabisa yuko Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Alirudi Kasese na kopo tupu mapajani. Juma lile alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikaa kwenye benchi akapaka rangi ya kijivu ndege nzima, kisha nyeupe, kisha mistari ya kijani ya chai. Fizi zikapotea. Ikawa kitu kimoja, na ilikuwa nzuri, nzuri kweli, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Aliifunika kwa gazeti.

Jumatatu iliyofuata daktari alimletea mgonjwa. Mzee mfupi, koti la kijivu, kofia mkononi, mashavu yamezama.

“Karibu, mzee. Kaa hapa. Jina?”

“Eridadi. Natoka Bwera. Nataka meno ya kukula nyama, kijana, haina mchezo. Mwisho wa mwezi niko na bageni kutoka Beni. Banakuja ju ya binti yangu, ule anauzaka vya batoto kule sokoni. Siwezi kuketi mbele ya bakwe na kumumunya kama mutoto muchanga.”

Okot alikoroga ule udongo laini wa kupimia fizi mpaka mkono ukachoka. Kijana mwingine angetengeneza meno ya kumuuma mzee. Okot akajaza chombo, akamwambia afungue mdomo, akakikandamiza vizuri juu ya fizi.

“Usiseme kitu, mzee, mpaka igande. Ukisema, inaharibika.”

Mzee akaitikia kwa macho. Okot akashikilia chombo kwa vidole viwili. Saa ya ukutani ikasikika. Na labda ni kwa sababu hakukuwa na jibu lolote la kuogopa, mdomo wake ukafunguka.

“Mzee, mimi namjua Tabisa.”

Macho ya Eridadi yakapanuka.

“Usitikisike. Mimi ndiyo ile mutu ya ndege. Namupenda. Nilikuwa nakuja kila Ijumaa. Yeye anasema mimi simalizangi kitu. Ni kweli, lakini hajui sababu. Ile ndege ingeisha zamani, mzee. Ilikuwa imeisha kabla ya Pasaka. Nilikuwa nabandua kipande, nasema hiki si kizuri, natafuta kingine. Niliogopa ikiisha, sitakuwa na sababu ya kupanda gari kuja Bwera. Mutu kama mimi, Mwacholi wa kambini, sina baba, sina shamba, sina ukoo hapa, nikuje kwako nisimame na nani? Hiyo nilikuwa naona haya kumwambia. Akanipa boksi yake, nikaikata. Sikujua kumbe ni yeye mwenyewe alikuwa ananipa. Sasa najua.”

Udongo ulikuwa umeganda kitambo. Akautoa taratibu, akampa mzee maji. Eridadi akasukutua, akatema, akajifuta kidevu kwa leso, akachukua muda wake wote.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, mzee.”

“Watu banakujaka kwangu na mbuzi,” alisema. “Weye umekuja na udongo, umeniziba kinywa.” Akavaa kofia. “Tengeneza meno muzuri. Hiyo ingine si yangu kujibu.”

Simu iliita jua likizama nyuma ya mlima. Okot aliacha kila kitu mezani.

“Okot.”

“Niko hapa.”

“Umemwambia baba yangu mambo yetu yote wakati hana namna ya kujibu?”

“Nisamehe.”

“Amekuja hapa, amekaa kwa kiti, amenieleza neno kwa neno. Mama amecheka mpaka ameshika ukuta.” Tabisa mwenyewe hakuwa anacheka. “Ju ya nini hukuniambia mimi? Mimi ningekuambia, kuja tu. Kuja mikono mitupu, kuja bila kitu ya kutafuta.”

“Niliona haya.”

“Haya ilikuwa inataka kunipeleka Beni.”

Okot akafumba macho. “Bado unaenda?”

Akamsikia anavuta pumzi. “Ndege imeisha?”

“Imeisha. Nimepaka rangi.”

“Sasa utakuja Bwera kutafuta nini?”

“Wewe. Ilikuwa ni wewe tu, tangu siku ya kwanza. Tabisa, nataka nikuoe. Nakuomba.”

Kule upande wa pili mbuzi alilia, mtu akamfokea, mlango ukafungwa.

“Sosthène nitamwambia mimi mwenyewe,” Tabisa alisema mwishowe. “Ni mutu muzuri, asisikie kwa watu. Siku ya bageni inabaki ile ile. Baba anasema mbuzi haijui mugeni gani ataikula. Lakini Okot, sikia. Sitaki mutu mumoja amesimama mlangoni na simu. Leta watu. Hata kama ni wa kuunga, leta watu.”

Meno ya mzee yakawa tayari juma lililofuata, na Eridadi aliyajaribu kwa muwa hapohapo kliniki. Okot naye akazunguka Kasese kutafuta ukoo. Ami yake aliye Kitgum alisema kwa simu kwamba safari ni ndefu na mgongo unamuuma, lakini waambiwe amekubali na amebariki. Mama Edisa wa Rukoki, mwenye nyumba aliyempangisha tangu baba yake afe, alitoa sandukuni busuti yake ya zambarau, gauni la sherehe, bila kuombwa mara mbili. Swaib, jirani dereva wa lori, alipiga kanzu pasi na kusema yeye ndiye kaka mkubwa, kwisha. Daktari alivaa tai. Hivyo ndivyo walivyofika Bwera, Jumamosi asubuhi, na mbuzi nyuma ya lori la Swaib, bila mtu hata mmoja mwenye damu ya Okot.

Waliketishwa upande mmoja wa ua, wenyeji upande wa pili. Eridadi alikaa katikati, meno yanang'aa, akisalimia kila mtu mara mbili ili yaonekane. Hakumwonyesha Okot uso wa kumjua. Mambo yana utaratibu wake.

Shangazi mmoja akaenda ndani, akamtoa Tabisa kwa mkono. Alivaa gauni la kijani na shanga nyeupe shingoni, na hakuwa na haraka. Kwa desturi, baba haanzi mazungumzo yoyote kabla binti hajaulizwa mbele ya watu wote, na akikana, wageni hunyanyuka na mbuzi wao na kurudi walikotoka.

“Tabisa,” shangazi aliuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, “hawa bageni tunabaona leo. Mama huyu, na muIslamu huyu, na huyu wa tai, na huyu murefu. Hatuoni bakifanana. Unabajua?”

Tabisa akawatazama mmoja mmoja. Mama Edisa akakunja vidole mapajani. Swaib akakaza shingo. Okot alikuwa ameinamisha kichwa, kwa sababu swali hilo ndilo alilolikimbia mwaka mzima, watu wako ni nani, na sasa limeulizwa, na si yeye wa kulijibu.

“Nabajua,” Tabisa alisema. “Ni watu wa Okot.”

Okot akalia hapo alipokaa, mbele ya wakwe, bila kuficha uso. Mama Edisa akamwekea mkono mgongoni, naye Swaib akamnong'oneza ajikaze, huku yeye mwenyewe akijifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Eridadi akageukia jikoni. “Kama banajulikana,” alisema, “mubaletee maji ya kunawa.”